Ceferino Uliyetangulia Maji

Mwaka umetimia, Ceferino, tangu asubuhi ile ya ukungu ulipotoka na sepetu yako begani, ukamwambia mkeo akuwekee mahindi ya kuchemsha jikoni, utarudi kuyala. Mahindi yale yalikaa mpaka yakachacha. Melchora hakuyamwaga. Aliwapa kuku siku tuliyokuzika, na hadi leo akipakua chakula huchukua bakuli moja la zaidi, kisha hujikaripia na kulirudisha rafuni.

Tunakuandikia wewe, lakini tunajua wengine watasikia. Na wasikie. Mwaka mzima wamesema wao, sisi tukawa tunanyamaza.

Ulikuwa mgawa maji wa Huaytani, kama baba yako kabla yako. Bonde letu lina mto mwembamba ambao mtu akiwa na haraka anauvuka bila kuvua viatu, na pande zote mbili juu yake ni jangwa tupu. Kwa hiyo kila shamba lina zamu yake, na kila zamu ina mtu wa kuifungua na kuifunga. Mtu huyo ulikuwa wewe. Kazi hiyo haina rafiki. Unayemfungulia leo anakuita ndugu, na kesho ukimfungia anakuita mwizi.

Wagawa maji wengine wakishafungua banio, lile zuio la mawe na udongo, huyaacha maji yajifikie yenyewe shambani. Wewe hukuweza. Ulitangulia mbele yake na sepetu, ukiondoa matawi na mawe na kinyesi cha nyumbu, nayo maji yakikufuata kisiginoni. Tena ulikuwa ukiyasemesha. Uliyaambia, "Haya mzee, njia ni hii. Huko unakwenda kwa nani?" Watu walikucheka. Hata Melchora alikucheka alipokuwa mchumba, na akawaambia dada zake kwamba anaolewa na mwanamume anayeongea na mfereji.

Hukuwa na upendeleo, na mama yako ndiye shahidi. Mwaka ule wa ukame zamu yake iliisha kabla shamba halijaloa, ukafunga banio mbele ya macho yake. Mama Saturnina alikurushia mahindi ya kukaanga, konzi baada ya konzi, ukawa unayaokota unayala huku unashindilia udongo. Alikaa wiki nzima hakupikii. Leo akikisimulia kisa hicho hucheka, halafu huuliza sepetu yako iko wapi, ingawa anajua ilipo.

Na Casilda, jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta. Yeye ndiye aliyemshika binti yako Fermina siku ya ubatizo, na tangu siku hiyo yeye na Melchora wakawa wanaitana komadre, mlango wa huyu ukawa mlango wa yule. Casilda alipofiwa na mumewe, wapo wanaume wa hapa hapa walioanza kuidokoa zamu yake, leo kidogo, kesho kidogo, wakidhani mjane hajui kuhesabu maji. Ulikwenda ukakaa kwenye mfereji wake na kipande cha nyama kavu mfukoni, ukakaa mpaka shamba lake likashiba. Hukumgombeza mtu. Ulikaa tu pale, wakaona aibu wakaacha.

Mwanawe wa pekee, Anselmo, ulimfundisha wewe kushika sepetu. Kila asubuhi alichungulia juu ya ukuta, nywele zimesimama, akakuuliza, "Leo ni zamu ya nani?" Nawe ukamjibu hivyo hivyo kila siku, hata siku ambayo kweli ilikuwa zamu yao, "Si yako. Rudi ukalale." Ulikuwa mzaha wenu. Sisi wengine tuliuchoka zamani, ninyi wawili hamkuuchoka.

Kisha vita vikatufuata huku juu. Jeshi letu liliingia bondeni likiwa hoi, limekwisha kupigwa huko jangwani na limeacha mizinga yake mchangani. Walikuja wanaume wenye midomo iliyopasuka, viatu vimefungwa kwa kamba, na nyuma yao wake zao wamebeba vyungu na kuni na watoto mgongoni. Walikula kila kilichokuwa na rangi ya kijani. Walikula hata lusini, majani tunayowalisha nyumbu, wakaichemsha kwa chumvi. Ukaenda ukalipangia jeshi zamu yake ya maji, na sajenti alipokuja kabla ya wakati ukamwambia asubiri, bado shamba la bibi fulani. Sajenti alikutazama kama mwendawazimu, lakini alisubiri. Anselmo aliiona hiyo, akaisimulia kijiji kizima. Wiki ile ile alijiunga na kikosi cha vijana wa bonde. Casilda alilia, ukamwambia usijali, komadre, hawa hawana nguvu hata ya kwenda mbali.

Kweli hawakwenda mbali. Vita ndivyo vilivyowajia.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kutoona nyumbu uliyemshika kamba. Kelele zikaanza juu ya kingo za bonde. Wachile, adui zetu, walikuwa wamevuka jangwa usiku kucha na hawakuwa na maji hata tone. Askari wetu walikuwa bado wanapika. Waliacha vyungu motoni, wakapanda zile kuta za mawe kwa mikono na magoti, na Anselmo akiwa miongoni mwao. Tangu hapo tulisikia bunduki bila kuona kitu.

Melchora alikuwa ameweka godoro mlangoni, amemfunika Fermina chini ya meza. Wewe ulikuwa kwenye banio la juu na ndugu yako Bernabé, na yaliyotokea huko ameyasimulia Bernabé mara nyingi mno, kwa yeyote anayekubali kukaa asikie. Alikuja mpanda nyumbu mmoja na amri. Kateni maji. Mto wote ugeuzwe uingie mashamba ya juu, huko chini pakauke, Wachile wafe kwa kiu. Atakayefungua atapigwa risasi. Akageuza nyumbu akaondoka.

Ukakata maji. Tunataka hilo lieleweke, kwa sababu wapo wanaosema hukutii. Ulitii. Ulitia mawe na udongo wenye majani, ukashindilia kama ulivyoshindilia kwenye shamba la mama yako, na mto ukageuka wote, chini pakabaki kokoto. Bernabé anasema ulikaa ukalitazama lile banio. Ulitafuna majani yako ya koka na kutema, na kutafuna tena.

Halafu akatokea mwanamke mmoja wa jeshi akipanda kwenye mto mkavu, chungu kitupu kichwani. Kucha zake zilikuwa zinavuja damu kwa kuchimba mchanga. Hakujua kama kuna amri. Alidhani mto umekufa wenyewe, amefuata mkondo kutafuta ulikofia. Alipoliona banio aliangalia mawe, akakuangalia wewe. Akasema majeruhi wamelazwa kandokando ya kuta huko chini, ni wengi, na wameanza kulamba mawe ya mtoni kwa sababu bado yana ubaridi.

Ukamjazia chungu chake kutoka mashamba ya juu, akaondoka nacho, na wote mlijua chungu kimoja hakitoshi kitu. Ndipo ukashika sepetu.

Bernabé akasema, "Kaka, wameagiza."

"Wameagiza nikate. Nimekata. Hawakusema mpaka lini."

"Na Wachile je? Wako huko huko chini."

"Nao watakunywa," ukamwambia. "Unataka niyaambie maji yachague?"

Ukalibomoa banio kwa mapigo machache. Ukamwambia Bernabé abaki pale, azuie mawe yasiteremke yakaziba tena. Halafu ukafanya jambo ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya siku ile, na ambalo wewe hukuwa na namna nyingine ya kulifanya. Ukashuka mtoni, ukatangulia mbele ya maji. Mto mkavu una takataka nyingi, na siku ile ulikuwa na vingine zaidi ya takataka. Ulikwenda ukizitoa, sepetu mkononi, kuelekea kwenye bunduki. Bernabé alikusikia ukiyasemesha maji mpaka ukungu ukakumeza. "Haya mzee. Twende. Tumechelewa."

Tunakulaumu, Ceferino. Katika kumbukumbu za watu wengine huwa hawasemi hivyo, lakini sisi tunasema. Ungeweza kulifungua banio na kukaa kando yake na Bernabé. Maji yangefika, yangechelewa tu kidogo. Melchora amelifikiria hilo kila siku ya mwaka huu, na kila siku anafika mahali pale pale, kwamba kama ungekaa ungekuwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine yeye asingeolewa naye. Lakini angekuwa hai. Hapo hunyanyuka akatafuta kazi ya mikono.

Mchana bunduki zilinyamaza. Wachile walidhani wamemaliza. Walishuka mtoni wakakuta maji, wakanywa, wakavua mabuti, wakalala, wengine wakaanza kupika. Hapo ndipo vikosi vyetu vilivyokuwa vimelala mbali zaidi, juu ya bonde, vilipofika na kuwaangukia. Jioni wakakimbia, waliobaki. Wanasema siku ile tulishinda. Inawezekana. Walioshinda hawakuwa na risasi wala chakula, wakaondoka gizani siku ile ile kuelekea kaskazini, wakawaacha majeruhi wao. Walioshindwa walirudi baada ya siku chache, na mpaka leo wako hapa, na bendera yao iko mjini. Bonde lote hili likawa lao siku tuliyoshinda.

Melchora alikukuta kesho yake, kwenye ile kona yenye ukuta wa shamba la mipea. Ulikuwa umelala kifudifudi na sepetu iko chini yako. Tundu la risasi lilikuwa moja tu. Hatujui ni ya nani. Mtu anayetembea na kitu kirefu begani kwenye ukungu, kila upande unaweza kumpiga na kujiona umefanya vyema. Maji yalikuwa yamekufikia, yakakuzunguka pande mbili, yakaendelea. Mkeo alikaa kwenye maji hayo amekupakata mpaka Bernabé alipofika na nyumbu.

Anselmo naye alipatikana si mbali na hapo, amekufa. Walimzika watu wengine, kwenye kaburi la pamoja, na Casilda alionyeshwa tu mahali.

Kama ingekuwa msiba tu, tungeubeba. Kila nyumba ilikuwa na wake. Lakini habari ilikuwa imekwisha kupanda bondeni kwamba maji yalikatwa na mgawa maji akayafungua. Casilda aliisikia akiwa bado amepiga magoti penye kaburi lile. Akapiga hesabu ambayo mama yeyote angeipiga. Wachile walikuwa wanakufa kwa kiu. Wakanywa. Wakapata nguvu. Wakamuua mwanangu. Na maji waliyokunywa wamepewa na nani?

Unajua desturi yetu, siku ya nane nguo za marehemu hufuliwa mtoni, na hawafui wa nyumbani peke yao. Majirani huja, wanafua, wanakunywa, wanacheka kidogo, na roho inaona kwamba imeachiliwa na watu wote. Siku yako ya nane walikuja watu wanne tu, wa nyumba yako. Mama Saturnina alifua ponjo lako la kujifunika mabegani, Melchora alifua shati lenye tundu. Casilda akapita ukingoni na ndoo yake. Melchora akainua macho, akamwita, "Komadre."

Casilda akasimama. Akasema, "Mumeo anawanywesha, wewe unafua. Nyumba yenu haikosi maji." Akaimwaga ndoo yake chini, yote, akarudi nyumbani mikono mitupu. Tangu siku hiyo hakumwita tena komadre. Alimwita "mke wa mgawa maji", na alikuwa akilisema mbele za watu.

Tumwelewe pia. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba wasije kwetu, na nani angemkatalia mama wa Anselmo? Hata waliotuonea huruma walituonea wakiwa kwao. Bernabé aliwaeleza kwamba ni kwa sababu ya maji yale Wachile waliweka bunduki chini. Mmoja akamwambia, "Funga mdomo, wewe ulikuwa umesimama penye banio, unajua nini." Kwa kweli hata sisi hatujui. Maji yaliwapa nguvu, na maji yaliwalaza. Hesabu hiyo hatuiwezi, na wapo watu waliokufa alasiri ile ambao hatuwezi kuwasemea.

Siku ya Wafu ya mwaka huu tulikutandikia meza, kwa kuwa wewe ni marehemu mpya. Melchora alioka mikate yenye umbo la watoto, akakuwekea koka, mahindi, kikombe cha pombe ya mahindi, na sepetu ndogo ya unga wa mkate ambayo ilimuungulia mpini. Watu huja kusali, nao hupewa mkate. Hakuja mtu. Mikate ilikauka ikawa migumu, mama yako akawa anailoweka kwenye chai asubuhi na kuila, mmoja baada ya mwingine, bila kutazama mtu. Alisema hatupi chakula cha mwanawe.

Kwa hiyo mwaka ulipokaribia kutimia, Melchora alikuwa na hofu moja. Unaijua. Mjane hujivika mwenyewe shali nyeusi lakini hajivui. Siku ya mwaka lazima mtu wa nje ya nyumba aje amvue, amwambie inatosha. Wa nyumbani hawaruhusiwi. Asipokuja mtu, mjane hubaki na weusi wake, na wewe huko uliko hubaki umeshikwa nguo, huwezi kwenda. Mama Saturnina alimwambia, "Mwanangu, wakija watakuja. Wasipokuja, nitazeeka nikiwa nakuona hivyo hivyo, nimeshazoea." Alitaka kumchekesha. Melchora alichinja kondoo wa pekee aliyebaki. Bernabé akamwuliza nyama yote hiyo ya nani. Akasema ya watakaokuja.

Misa ilisomwa, padri mgonjwa, watu wachache. Majina ya marehemu wa siku ile yalitajwa, na lako likatajwa kwa sauti ya chini. Tukarudi nyumbani. Melchora akakaa kwenye kigoda katikati ya ua, shali mabegani, mikono juu ya magoti, akiangalia mlango wa ua ambao Bernabé alikuwa ameuacha wazi. Chungu kilichemka, kikatulia. Jua likamfikia miguuni, likampanda mpaka mapajani. Bernabé alimwambia aingie kivulini, akabaki pale pale. Kuku waliingia, wakatoka. Mara mbili watu walipita nje na wakaharakisha hatua walipoona mlango uko wazi. Melchora alikuwa ameanza kuwaza mambo madogo, kwamba shali imepauka begani, kwamba ataipaka rangi upya ili idumu.

Alipoinua macho tena, Casilda alikuwa amesimama mlangoni.

Nyuma yake alikuwepo mwanamke mgeni, mwembamba, mzigo mgongoni, na kofia ya kijeshi iliyochakaa. Bernabé alisimama kwa nguvu akaangusha bakuli. Alimtambua. Alikuwa yule wa chungu kitupu.

Jina lake ni Gregoria, wa huko milimani. Siku ile mumewe alijeruhiwa naye akabaki kumuuguza, wakachukuliwa wote na Wachile mpaka pwani, na huko mume akawa anakufa taratibu kwa miezi. Sasa amemzika, na anarudi kwao kwa miguu, akifuata bonde kwa sababu ndiyo njia yenye maji. Asubuhi hiyo alibisha hodi nyumba ya kwanza aliyoiona akaomba mahali pa kupumzika. Ilikuwa nyumba ya Casilda. Akauliza kama hii ndiyo Huaytani, kwa sababu kuna kijana aliyesema ni wa Huaytani alifia mikononi mwake, na hakuwahi kumpata mtu wa kumwambia.

Casilda alikuwa amekwisha kuyasikia yote. Alimwambia, "Waambie na hawa. Kama ulivyoniambia mimi."

Gregoria akaeleza amesimama, hakutaka kukaa. Alisema alipotoka kwenye banio na chungu chake kimoja, alikigawa kwa wale waliokuwa karibu, kikaisha kabla hajafika kwenye kona ya mipea. Pale kwenye kona alilala kijana mmoja aliyepigwa risasi ya tumbo. Alikuwa amepigwa bunduki zilipoanza tu, saa za mwanzo kabisa, huko juu kwenye kingo, na wenzake wakamteremsha na kumwacha. Hakuwa na la kumpa. Akamshikilia tu kichwa.

"Halafu nikasikia maji," akasema. "Yalikuja yanasukuma majani makavu. Mbele yake anakuja yule mtu, na sepetu yake, anaongea peke yake. Huyu kijana akafumbua macho. Akamtazama, akatabasamu, sijui kwa nini. Akamwuliza, 'Leo ni zamu ya nani?'"

Mama Saturnina alishika mkono wa Melchora.

"Yule mtu akapiga magoti," akasema Gregoria. "Akayachota kwa viganja viwili. Akamwambia, 'Ni yako. Kunywa taratibu.' Kijana akanywa. Alikunywa vizuri, mama, nilimwona. Yule mtu akanyanyuka kuendelea na safari yake, na hata hatua chache hakwenda."

Casilda akaongea, akiangalia chini, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za vitu asivyoweza kununua. "Waliompiga Anselmo walikuwa bado na kiu," akasema. "Mwaka mzima nimekuwa nikisema uongo bila kujua ni uongo." Akatulia. "Sijui ya wengine. Wapo waliouawa mchana. Mama zao wana haki yao. Mimi nimekuja kwa wangu."

Melchora amesema baadaye kwamba hakuona furaha hata kidogo. Alichoona ni viganja vyako, namna ulivyokuwa ukivikunja ukichota maji, kidole kidogo cha kushoto hakikunjiki vizuri tangu nyumbu alipokukanyaga, kwa hiyo maji yalikuwa yakivuja upande huo kila mara. Aliwaza kwamba Anselmo hakunywa yote. Yalivuja kidogo. Hilo ndilo lililomliza, na alilia kwa sauti mbele ya watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku alipokukuta.

Casilda akamsogelea kwa nyuma. Pini ya shali ikamkatalia, akaing'oa na nyuzi zake.

"Geuka kidogo, komadre," akasema. "Imetosha sasa."

Akamvua shali nyeusi. Akaikunja mara mbili, akaiweka begani pake mwenyewe, juu ya ile yake ya kumlilia Anselmo, kwa sababu yeye hana wa kumvua. Kwetu mama hafanyiwi desturi hiyo, ni wajane tu. Halafu akala nyama pamoja nasi, kidogo, na Gregoria akala sana. Hakuja mwingine. Nyama iliyobaki Bernabé aliifunga kwenye mzigo wa Gregoria, na asubuhi akamsindikiza mpaka juu ya banio.

Hatukuambii mambo yamekuwa mazuri. Wachile wako mjini. Kuna nyumba bado zinageuza uso tukipita, na pengine zitageuza mpaka tufe. Kazi ya kugawa maji amepewa mtu mwingine, ambaye hufungua banio akaenda zake kulala, na maji hufika yanapotaka. Sepetu yako iko nyuma ya mlango. Jana asubuhi Casilda alichungulia juu ya ukuta, nywele hajafunga, akamwuliza Melchora leo ni zamu ya nani. Wakaangaliana tu, kisha Casilda akaenda mwenyewe kuutazama mfereji.

Ceferino, tumekuachilia. Nenda salama, na huko uendako usitangulie mbele, waache na wengine.

Wanaokukumbuka ni mama yako Saturnina, anayekulaumu na kukuombea kwa pumzi moja, mkeo Melchora, binti yako Fermina, ambaye ameanza kuusemesha mfereji, ndugu yako Bernabé. Na komadre wako Casilda, mama wa Anselmo, aliyekuja kutuomba tuandike jina lake hapa, pamoja na letu.

Maji yakija tutakutaja, na yasipokuja tutakutaja.